Loleza Uliokatwa Kichwa: Miezi Minane ya Kuiingiza Mbeya Kwenye Simuleta

Mjomba wangu anakaa Isanga, na kila asubuhi akifungua mlango anaangaliana na mlima Loleza. Kwa hiyo nilipobeba laptopu kumpelekea, jioni moja ya mwezi wa saba baridi ikiwa imekaza, nilijua wa kwanza kufurahi atakuwa yeye. Nilikuwa nimeandika simuleta ndogo ya ndege, yaani programu ya kuiga urukaji kwenye kompyuta, kazi ya usiku wa miezi mitano, na ndani yake nimeiweka Mbeya yetu. Nikaipaisha ndege upande wa Uyole, nikageuza pua kuelekea mjini. Mjomba akavaa miwani.

"Mlima gani huo?"

"Loleza, mjomba."

Akasogea hadi pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. "Sasa mwanangu, nani ameukata kichwa?"

Nilicheka, lakini iliniuma. Mjomba hajui pikseli, vile vidoti vya kioo, wala pembetatu ambazo kompyuta inaziunganisha kuchora mlima, ila mlima ule ameutazama zaidi ya miaka sitini na alikuwa sahihi. Kilele kilikuwa kimefutika, na bega lake limelala kama tuta la viazi. Naandika kwa ajili ya mwingine atakayejaribu kazi hii kwa mashine ya kawaida kama yangu, kwa sababu sehemu kubwa ya muda na pesa niliyopoteza ilipotelea kwenye mambo ambayo mtu angeniambia kwa dakika kumi tu.

Mimi ni fundi kompyuta, nina meza Mwanjelwa. Laptopu yangu ilikuwa ya mtumba, shilingi 480,000, memori GB 4, haina kadi ya grafiki (sehemu inayochora picha) ya peke yake, inategemea ile dhaifu iliyojengewa ndani. Kilichonivuta ni simuleta za watu: ukiruka juu ya Ulaya unaona hadi kingo za barabara, ukija kwetu unakuta vilima vya kubahatisha. Nikajiambia, milima ninayo dirishani, nishindwe nini?

Miinuko ya ardhi inapatikana bure. Februari 2000 chombo cha anga za juu Endeavour kilizunguka dunia kwa siku 11 kikipima kwa rada. Kazi ile inaitwa SRTM, na vipimo vyake vya takriban kila mita 30 viliachiwa kwa umma, vyetu vya Afrika kuanzia mwaka 2014. Dunia imekatwa vigae vya digrii moja kwa moja, kila kigae faili moja. Hapo nikafanya kosa la kwanza. Mbeya iko latitudo ya kusini 8.9, nikapakua kigae kinachoanza na S08. Siku mbili natafuta mlima kwenye nyika! Kumbe kigae kinaitwa kwa kona yake ya kusini-magharibi. Yetu ni S09E033. Nilichopakua kilikuwa nyanda za kaskazini ya Chunya huko.

Kosa la pili lilinitisha zaidi. Nilipofungua kigae sahihi, jiji zima likawa miiba kama kalamu zilizochomekwa kwenye udongo. Faili hizi zinaandika kila kimo kwa baiti mbili, yaani namba imekatwa vipande viwili, baiti kubwa ikitangulia, na prosesa zetu nyingi zinasoma kinyume chake. Mita 1,700, ambayo ndiyo kimo cha mji kwa makadirio, ikisomwa kinyumenyume inakuwa hasi 23,546. Mita 1,701 inakuwa hasi 23,290. Hatua ya mita moja inageuka korongo la mita 256. Ukiona miiba ya namna hiyo usianze kulaumu kadi yako, geuza baiti kwanza. Na ukiona shimo moja la ajabu kwenye mteremko mkali, angalia kama namba yake ni hasi 32,768. Hiyo si kimo, ni alama kwamba rada haikupata jibu pale. Matoleo ya zamani yamejaa mashimo hayo milimani, toleo lililozibwa lipo, chukua hilo.

Baada ya hapo nikaingia kwenye ujinga wenyewe.

Kigae kimoja kina vipimo 3,601 kwa 3,601. Ukiviunganisha vyote kwa pembetatu unapata karibu milioni 26. Mimi nikavimwaga vyote kwenye memori, kwa sababu kichwani mwangu ubora ulikuwa maana yake ni kuweka kila kitu. Zaidi ya MB 600 kwa kigae kimoja, bila picha hata moja ya ardhi. Laptopu ikawa inatoa fremu moja, yaani picha moja ya kioo, kila sekunde nne hivi, feni ikilia kama mashine ya kusaga. Badala ya kujiuliza kwa nini namchorea mtu aliye juu ya Uyole kila tuta la Chunya, nikaenda kununua memori. Sikufungua mfuniko kuangalia aina. Nikanunua DDR4 kwa shilingi 70,000, mashine yangu inakula DDR3. Hata kuingia haikuingia, pengo lake liko mahali pengine. Muuzaji akasema bidhaa ikishatoka hairudi. Fundi kompyuta mzima! Sikumwambia mtu kwa muda mrefu.

Nikahamia upande wa pili wa ujinga: kuchukua kipimo kimoja kila baada ya 16. Pembetatu zikashuka hadi laki moja na kidogo kwa kigae, ndege ikateleza kama mafuta. Hii ndiyo niliyompelekea mjomba. Ukichukua kipimo kila mita 500 hivi, kilele kikiangukia katikati ya vipimo viwili, hakipo. Loleza unazidi mita 2,600, wangu ulipungukiwa mita 60 hivi na kubaki gutu. Tambarare za Usangu, ambazo hata ungezichora kwa pembetatu mbili zisingelalamika, zilipewa pembetatu sawasawa na safu ya milima ya Mbeya. Nilikuwa nagawa kwa usawa mahali ambapo usawa ndio dhuluma.

Usiku ule niliporudi nyumbani nilimwambia mke wangu naacha. Akaniuliza kama mlima umeanza kulipa ada za watoto hata iwe hasara kuuacha. Nikalala. Kesho yake saa nane usiku nilikuwa mezani tena.

Sasa nikaanza kusoma kabla ya kuandika. Kitu kinachotafutwa kinaitwa viwango vya undani: ardhi ileile iwe na nakala za ukali mbalimbali, na programu ichague kila sehemu ionyeshwe kwa nakala ipi kulingana na anayetazama yuko wapi. Kuna njia nyingi. Wiki tatu nilizipoteza kwenye ROAM, njia ya mwaka 1997 inayopasua na kuunganisha pembetatu moja moja kila fremu. Ni akili nzuri sana, lakini ilizaliwa wakati kila pembetatu ilikuwa ghali na prosesa ndiyo iliyobeba mzigo. Kadi za leo, hata hii dhaifu ya kwangu, zinapenda kupewa furushi lililokwisha kufungwa kuliko kuambiwa punje kwa punje. Ukisoma maandishi ya fani hii, angalia mwaka kwanza halafu uliza mashine za wakati ule zilikuwaje. Mimi sikuuliza.

Niliyoishia nayo iliwasilishwa na Thatcher Ulrich mwaka 2002: ardhi inakatwa vipande mapema, kila kipande kinafungwa kama furushi, na vipande vidogo vinne vinalala chini ya kikubwa kimoja kama watoto chini ya mzazi. Programu inaanza na wazazi. Mzazi akitosha kwa macho, anachorwa yeye. Asipotosha, wanachorwa watoto wake.

Hapa kuna hesabu ndogo iliyoniokoa. Mifano mingi inatumia vigae vya vipimo 4,097 ili vigawanyike kwa mbili mpaka mwisho. Nami nikavinyoosha vyangu kutoka 3,601 hadi 4,097, na kwa kuvinyoosha nikavilainisha vilele tena. Rafiki yangu anayefundisha hesabu sekondari, tukiwa tunakula kande, akachukua karatasi: vipimo 3,601 vina hatua 3,600 kati yake, na 3,600 ni 75 mara 48. Na 48 inagawanyika kwa mbili mara nne: 24, 12, 6, 3. Basi. Vipande vya hatua 75, ngazi tano, pembetatu 11,250 kila kipande, na vipimo vya asili haviguswi. Nilikuwa nimepoteza siku tisa kwa kitu kilichomalizika kabla kande hazijapoa.

Lakini kutosha kwa macho unakupimaje? Hili ndilo nililotaka kulifikia, na hapa ndipo nawaona wengi wakikosea kama nilivyokosea. Mwanzoni nilitumia umbali peke yake: kilicho ndani ya kilomita 5 kiwe kikali, kilicho mbali kiwe butu. Matokeo yake Usangu iliyo chini ya bawa inakula pembetatu zote, na Rungwe inayoonekana mbali, karibu mita 2,960 kwenda juu, mlima ambao mtu wa kwetu anautambua kwa umbo lake tu angani, inachorwa kama chungu kilichopinduliwa. Umbali ni nusu ya jibu.

Nusu ya pili ni kosa. Unapotengeneza kila kipande, linganisha sura yake na vipimo vya asili, tafuta mahali kinapodanganya zaidi, andika ni mita ngapi. Wakati wa kuruka, gawa mita hizo kwa umbali, kisha zidisha kwa namba inayotokana na kioo chako. Kioo changu kina upana wa pikseli 1,366 na pembe ya kuona niliiweka digrii 60, namba inakuwa 1,183. Loleza yangu iliyopungukiwa mita 60, ikitazamwa kutoka kilomita 11, ilikuwa inadanganya kwa pikseli zaidi ya 6. Mjomba aliziona. Kipande cha Usangu chenye kosa la mita 2, kikiwa kilomita 5, hakidanganyi hata nusu pikseli, hakuna macho yatakayokigundua. Nikaweka mpaka wa pikseli 2. Pembetatu zikahama zenyewe kutoka mbugani kwenda milimani, jumla ikawa kama laki saba, na laptopu ileile ya mtumba ikatoa fremu 34 kwa sekunde. Nilitoka nje nikasimama gizani peke yangu, na ule ubaridi wote sikuusikia.

Tahadhari mbili. Mimi kwanza nilikuwa nalinganisha kila ngazi na ile ya chini yake tu, siyo na vipimo vya asili, hivyo uongo ukawa unarundikana ngazi hadi ngazi bila kuandikwa popote. Na hakikisha kosa la mzazi halipungui kuwa dogo kuliko la mtoto wake yeyote, la sivyo kipande kitakataa kupasuka wakati kilele kimejificha ndani.

Furaha ilidumu siku moja. Kesho yake niliona mbingu ndani ya ardhi: michirizi myembamba ya bluu, mirefu, ikikata vilima. Kipande kikali kikikaa jirani na kipande butu, kingo zao hazilingani. Mmoja ana vipimo viwili pale ambapo mwenzake ana kimoja, na katikati panabaki ufa. Dawa rahisi ni kuvalisha kila kipande sketi, yaani ukuta mfupi wa pembetatu unaoning'inia kutoka ukingoni kwenda chini. Ufa hauzibwi, unasitiriwa. Sketi yangu ya kwanza ilikuwa ya mita 5, na kama mama yeyote angekuambia, fupi mno haisitiri kitu. Nikaishusha mita 500, kadi ikaanza kuhangaika kupaka rangi kuta zisizoonekana. Urefu mzuri ni lile kosa uliloliandika kwa kipande husika, ongeza kidogo juu yake.

Mpaka wa vigae ni habari nyingine, na sisi umetupitia pabaya. Latitudo 9 inapita kusini ya jiji, karibu kabisa na Ziwa Ngozi, lile la kwenye kasoko. Kaskazini ya mstari ni S09E033, kusini ni S10E033. Vigae jirani vinachangia mstari mmoja wa vipimo, havipaswi kugombana, lakini mwanga ninaopaka unategemea mwelekeo wa mteremko, na mteremko wa ukingoni unahitaji kuchungulia kwa jirani. Programu yangu haikuchungulia. Ukatokea mstari wa kivuli umenyooka kama umepigwa kwa rula, umekata msitu. Sikuweza kuuona mlima tena, naona mstari tu.

Kuruka kwa sura nako kulinikera. Ndege inasogea, mara kipande kinabadilishwa na watoto wake, na kilima kinashtuka kama mtu aliyeitwa ghafla. Tiba ni kuteleza: vipimo vya kipande kikali vinaanzia kwenye sura ya mzazi na kupanda polepole hadi mahali pake kadiri unavyokaribia. Ni mistari michache ya msimbo kwenye kadi yenyewe. Niliiahirisha miezi miwili nikidhani ni urembo. Si urembo. Macho yanasamehe mlima butu kuliko mlima unaoshtuka.

Mikwamo-mikwamo ilibaki, na hapa nikatoa pesa tena bila kupima. Nilishawishika kwamba pembetatu bado ni nyingi, nikakaribia kuuza laptopu ninunue nyingine. Nilipoweka saa ndani ya programu, kuchora kulichukua muda mdogo kabisa. Kilichokwamisha ni diski kuu inayosoma vipande vipya huku kila kitu kimesimama kuisubiri. Nikauhamishia usomaji pembeni ufanye kazi yake yenyewe, nikaweka sheria: mzazi haondoki mpaka watoto wote wanne wamefika. Shilingi zilizokuwa zimeshaondoka ni 35,000 za feni ya kupoozea mashine. Weka saa kabla ya kufungua pochi.

Bando ndilo lililonitafuna kimyakimya. Faili za miinuko ni ndogo, kigae MB 26 hivi kikifunguliwa. Picha za setilaiti za kupaka juu yake ndizo mzigo. Zile za Sentinel-2 zenye undani wa mita 10 ni bure, lakini furushi moja linafika mamia ya megabaiti. Mara tatu mtandao ulikatika nikiwa karibu kumaliza, na kila mara nikaanza sifuri. Kwa hesabu yangu kama shilingi 140,000 zimekwenda hivyo. Tumia programu ya kupakua inayoendelea palipokatikia, pakua usiku, na chagua picha za kiangazi. Kuanzia Novemba hadi Aprili milima yetu imevaa mawingu, utapakua pamba tupu.

Mwisho uwanja wa Songwe. Nilitua mara ya kwanza kwa mbwembwe zote, ndege ikapiga tuta katikati ya njia, ikaruka, ikapinduka. Njia yenyewe ilikuwa inapanda na kushuka kama barabara ya kijijini. Nilihangaika na magurudumu wiki nzima kabla ya kukumbuka tarehe: rada ilipita Februari 2000, uwanja ulifunguliwa mwaka 2012. Nilikuwa natua kwenye ardhi ya zamani. Inabidi usawazishe mwenyewe, pale ni takriban mita 1,345, na ulainishe kingo ziungane na ardhi ya pembeni. Mimi nilisawazisha ngazi kali pekee. Ndege ikiwa mbali, ngazi butu ikawa inachomoza na kuimeza njia, na rubani anaikosa wakati anaitafuta. Sawazisha vipimo vya asili kwanza, ndipo ujenge ngazi. Na magurudumu yasikanyage ardhi inayoonekana. Yakanyage vipimo vya asili siku zote, kwa sababu inayoonekana inabadilika chini yako.

Kingine kilichonisumbua ni ndege kutetemeka hata ikiwa imeegeshwa. Nilikuwa napima kila kitu kutoka kitovu cha dunia, na namba za desimali za biti 32 zikifika mita milioni sita zinaruka nusu mita kwa nusu mita. Pima kutoka kwenye macho ya mtazamaji, imekwisha.

Mwezi wa kumi nilirudi Isanga. Sikusema kitu, niliwasha tu na kugeuza pua kuelekea kaskazini. Mjomba alitazama muda mrefu, akanyoosha kidole kwenye bega la mlima, akataja mahali walipokuwa wanakata kuni na ndugu zake. Halafu akaomba nimpeleke Tukuyu. Tukapita Uyole, tukapanda, Rungwe ikajitokeza mbele na umbo lake lote, naye akaanza kutaja vijiji kimoja kimoja. Mimi nilikuwa nimeinamia kona ya chini ya kioo, upande wa Ngozi, pale ulipokuwa ule mstari.

"Wewe unatafuta nini huko chini?" akauliza. "Tazama mlima."